Fremu iko palepale, ila hufiki: mwongozo wa mwenye duka Nyanda za Juu Kusini pale ulinzi unapofunga mtaa

Novemba 2011, machinga na polisi walipopambana Mwanjelwa, Mbeya, nilikuwa na maboksi mawili ya vifaranga vya siku moja ndani ya fremu yangu, mia moja kila boksi. Vilishuka kwenye basi alfajiri, nikavipa maji ya glukosi, nikafunga duka nikaenda kunywa chai. Kurudi nikakuta barabara imezibwa. Nilisimama upande wa pili, ufunguo mkononi, macho yanawasha kwa moshi wa mabomu, kufuli langu nikiliona kabisa. Hatua sitini hivi. Niliingia siku ya tatu, na harufu ilinipokea kabla sijamaliza kupandisha shata.

Vifaranga vilikufa, basi. Kilichoniuma zaidi kilikuja wiki iliyofuata. Chama changu cha akiba na mikopo kilikuwa tayari kunisogezea marejesho, mradi nionyeshe mzigo ulioharibika na siku nilizokosa duka. Risiti ya vifaranga ilikuwa kwenye droo ya duka, imelowa. Daftari la mauzo nalo humohumo. Nilikuwa nadai kwa mdomo. Tangu hapo karatasi za duka langu hazilali dukani.

Mwongozo huu ni wa mwenye fremu, mpangaji wa fremu na mwenye kizimba sokoni, kuanzia Tunduma hadi Makambako na Iringa mjini. Unahusu siku ambayo duka ni lako, halijaungua, halijauzwa, ila mwenye bunduki anasema hupiti. Vita hasa vya nchi na nchi tumevisikia zaidi kwa wazee: wale waliokuwa na malori na mabasi mwaka 1978 wanakumbuka magari ya watu binafsi yalivyochukuliwa kupeleka askari Kagera. Mtaa kufungwa kwa sababu ya usalama tumeuona karibu zaidi: Mwanjelwa 2011, Mashine Tatu pale Iringa Mei 2013, halafu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimika nchi nzima kwa siku kadhaa. Sababu zinatofautiana, lakini hesabu ya mwenye duka ni ileile.

Karatasi zitoke dukani leo

Nunua bahasha ya plastiki yenye zipu, ile ya kuwekea vyeti. Moja ibaki nyumbani. Nakala ya pili mpe mtu anayeishi kata nyingine, dada yako au mzee wa kanisa unayemwamini, maana kizuizi kinaweza kumeza na nyumba yako.

Kama jengo ni lako, weka nakala ya hati au barua ya toleo, mkataba wa mauziano kama hujabadilisha jina, na risiti za kodi ya ardhi. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo usidharau zile risiti za umeme. Namba ya mita na makato ya kila mwezi yanaonyesha kwamba jengo lilikuwa linatumika, na lilitumika hadi lini.

Kama umepanga, weka mkataba wa pango na ushahidi wa malipo. Hapa wengi tunajikwaa. Mkataba wa kuandikiana kwenye karatasi ya daftari, shahidi akiwa fundi cherehani wa jirani, unaweza kukataliwa mahakamani kwa sababu haujalipiwa ushuru wa stempu mpaka uulipie pamoja na adhabu. Ushuru wenyewe ni asilimia moja ya kodi ya mwaka. Kwa fremu ya laki mbili na nusu kwa mwezi ni shilingi 30,000 tu. Lipa. Na kama unamkata mwenye jengo ile asilimia kumi ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA (mamlaka ya mapato), hiyo risiti ya zuio ni ushahidi wa serikali yenyewe kwamba wewe ni mpangaji pale.

Kilemba (fedha ya kuachiwa fremu) ulichotoa bila maandishi usikitegemee. Hutakipata kwa yeyote.

Wenye vizimba sokoni wana mtego wao: kizimba kina jina la mtu mwingine, yeye anailipa halmashauri, wewe unamlipa yeye mara tatu ya hiyo. Siku ya orodha ya walioathirika, jina linalosomwa ni lake. Ukiweza, andikishaneni mbele ya meneja wa soko. Asipokubali (na wengi hawakubali, kwa sababu unazozijua), basi tenganisha mawili: kizimba si chako, lakini mzigo ni wako. Dai mzigo, kwa risiti za manunuzi zenye jina lako.

Kuhusu hizo risiti: karatasi ya mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za TRA, hufutika. Ukiiacha dirishani miezi michache inakuwa nyeupe kama barua ya mapenzi isiyoandikwa. Toa fotokopi wiki uliyonunua.

Mwisho, piga video kila mwezi. Anzia barabarani ili alama ya jirani ionekane, ingia mlangoni, pita rafu kwa rafu bila kukimbia, fungua stoo, malizia kwenye mita ya umeme. Dakika tatu zinatosha. Weka kwenye flashi, si kwenye simu peke yake. Waliokuwa na kila kitu mtandaoni Oktoba 2025 walijifunza kwamba faili ikiwa mbinguni na ngazi imekatwa, huna faili.

Jua nani kafunga, na kwa mamlaka gani

Swali hili linaonekana la kisomi lakini ndilo linaloamua utakwenda ofisi gani. Utepe wa polisi kwa saa kadhaa ni jambo moja. Amri ya kutotoka nje ni jambo lingine. Eneo kukabidhiwa jeshi ni la tatu. Serikali kuamua kuchukua kiwanja moja kwa moja ni la nne, na hilo lina sheria yake ya fidia.

Hali ya hatari kwa maana ya Katiba hutangazwa na Rais, ibara ya 32, kwa nchi nzima au sehemu yake. Vita, au hatari ya kweli ya kuvamiwa, ni miongoni mwa sababu. Nakala ya tangazo huenda kwa Spika, na Bunge linatakiwa kukutana ndani ya siku 14 kuamua kama linaliunga mkono, kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Kwa hiyo askari akikwambia "ni hali ya hatari", anaweza kuwa anaongea lugha ya mtaani tu. Muulize kwa upole ni amri ya ofisi gani.

Kuna kitu wafanyabiashara wengi hawakijui. Ibara ya 31, inayoruhusu sheria za kubana haki wakati wa hali ya hatari, inataja ibara ya 14 na ya 15, yaani haki ya kuishi na uhuru wa mtu. Ibara ya 24, ya mali, haimo kwenye orodha hiyo. Na ibara ya 24 inakataza mtu kunyang'anywa mali bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Usishangilie mapema, maana ibara ya 30 inaruhusu sheria kuweka mipaka kwenye haki zote kwa ajili ya ulinzi na usalama wa umma. Ila panatakiwa sheria. Neno la mtu kwenye kizuizi peke yake si sheria.

Njia ya kuuliza huku kwetu ni hii: mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwanza, kisha mtendaji wa kata, kisha OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), kisha ofisi ya mkuu wa wilaya, maana yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Ukiruka ngazi utarudishwa chini na nusu siku imekwisha. Kila unayezungumza naye andika jina, cheo, saa na alichosema, hata kama amesema "njoo kesho". Hasa kama amesema "njoo kesho".

Siku tatu za kwanza

Usivuke kizuizi. Nimeona mtu mzima akipigwa virungu Kabwe kwa sababu ya mashine ya kusagia karanga. Usipige video askari au difenda zao. Piga picha ya duka lako kutoka ulipo, kizuizi kikionekana kwa mbali, kisha weka simu mfukoni.

Halafu andika barua ya kuomba kuingia kwa kusindikizwa. Wengi hawajui kwamba jambo hili linaombeka. Na wanaoomba huomba vibaya: "Afande, napata hasara." Kila mtu mtaani anapata hasara, na afande naye ana watoto hajawaona siku mbili. Kinachomgusa mwenye dhamana ya usalama ni usalama. Mwambie kilichomo ndani kinachoweza kulipuka, kuvuja, kuoza au kuibwa na wahuni. Mwenye duka la pembejeo ana hoja nzito kuliko mwenye duka la vitenge, na wa mitungi ya gesi anamzidi wa pembejeo.

Barua iwe fupi hivi:

*Mkuu wa Polisi wa Wilaya,*
*Mbeya.*

*YAH: OMBI LA KUINGIA DUKANI KWA KUSINDIKIZWA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpangaji wa fremu iliyopo mtaa wa ……, kata ya ……, mita ya umeme namba …… Duka lipo ndani ya eneo lililofungwa tangu tarehe …… saa ……*

*Ndani kuna mitungi ya gesi 14, dawa ya magugu lita 60 na friji moja inayotumia umeme. Naomba kuingia kwa muda usiozidi dakika 30, nikiwa na mtu mmoja wa kunisaidia kubeba, chini ya uangalizi wa askari na mtendaji wa mtaa, ili kuondoa vitu hivyo pamoja na mashine ya EFD.*

*Nipo tayari kwa siku na saa yoyote mtakayopanga. Nimeambatanisha nakala ya leseni, mkataba wa pango na kitambulisho.*

*Nakala: Mkuu wa Wilaya, Mtendaji wa Kata.*

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo una thamani kuliko jibu. Wakikataa, una ushahidi kwamba uliomba kupunguza hasara ukanyimwa, na wakikaa kimya miezi miwili, ushahidi ni uleule.

Wakikubali, dakika 30 ni fupi kuliko unavyofikiri. Panga nyumbani kitakachotoka kwanza: hatari, fedha, mashine ya EFD, vinavyooza, ndipo vya bei. Andika kila kinachotoka kwenye karatasi yenye nakala, mtendaji asaini pale pale. Piga picha kufuli kabla ya kufungua na baada ya kufunga. Ukikuta limevunjwa, usiingie kwanza. Sema kwa sauti mbele ya mashahidi, kisha ukitoka nenda kituoni ukachukue RB (namba ya taarifa yako polisi) siku hiyohiyo. RB ya kesho yake tayari ina swali ndani yake.

Daftari la hasara

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza fedha ambazo wangezipata.

Mtu akiulizwa hasara yake anataja mauzo: "Nilikuwa nauza laki nne kwa siku, nimefungiwa siku 23, nidai milioni tisa." Hakuna ofisi itakayokulipa mauzo. Mzigo ambao hukuuza bado upo, au kama haupo utadaiwa mahali pake. Kilichopotea ni faida ghafi, ukitoa gharama ambazo hukuzitumia kwa sababu ulikuwa umefungwa.

Tuchukue mfano. Mauzo ya wastani kwa siku ni shilingi 420,000. Faida yako juu ya bei ya kununulia ni asilimia 14 ya mauzo, yaani 58,800. Kijana wa dukani unamlipa 8,000 kwa siku anayofanya kazi, na siku hizo hukumlipa. Umeme 1,800 hukutumia. Toa hizo mbili, unabaki na 49,000 kwa siku. Mara siku 23 ni 1,127,000. Hiyo ndiyo namba unayoweza kuisimamia mbele ya mtu mwenye kalkuleta.

Kodi ya fremu usiiongeze juu. Ungeilipa kutoka kwenye hiyohiyo 49,000, na ukiijumlisha umedai mara mbili. Mhasibu wa upande wa pili akiona kosa moja kama hilo, anatilia shaka daftari zima.

Mzigo ulioharibika unaudai peke yake, kwa bei ya kununulia. Ukiudai kwa bei ya kuuzia na hapohapo ukadai faida ya siku zile, umerudia kosa lilelile kwa mlango wa nyuma.

Wastani wenyewe unautoa wapi? Kwenye ripoti za Z za mashine yako, zile zinazotoka kila siku ukifunga mauzo. Lakini usichukue wastani wa mwaka mzima, hasa huku kwetu. Duka la mbegu na mbolea huuza Novemba na Desemba kiasi ambacho Aprili halikioti. Duka la mabati na simenti hufufuka mahindi yakishauzwa. Chukua wiki zilezile za mwaka jana, na kama unazo za mwaka juzi, weka zote mbili. Ukifungiwa Novemba ukadai kwa wastani wa mwaka, umejiibia mwenyewe. Ukifungiwa Aprili ukadai kwa bei ya Novemba, watakukamata.

Daftari liandikwe kila siku, kwa peni, kwa mkono mmoja: tarehe, kizuizi kilikuwepo au la, ulifika saa ngapi, nani alikujibu nini, mteja gani alipiga simu akakosa mzigo. Siku ambayo njia ilikuwa wazi nusu siku, andika nusu siku. Daftari lenye siku mbili tatu zinazokupunguzia madai linaaminika kuliko lenye hasara tupu.

Wanaokudai huku umefungiwa

Mwenye jengo. Huku kodi tunalipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, kwa hiyo fedha tayari anazo na hatazitema. Usiombe akurudishie. Omba akuongezee siku zile mwishoni mwa mkataba, kwa maandishi ya mstari mmoja yenye saini zenu wawili. Nimeona wazee wagumu kabisa wakikubali hilo kwa sababu haliwagusi mfukoni siku ile. Usijaribu kudai kwamba mkataba umekufa kwa sababu njia imefungwa wiki tatu. Sheria ya mikataba inatambua jambo kuwa haliwezekani tena, lakini kufungwa kwa muda hakufiki huko.

Mkopo. Nenda kabla ya tarehe ya marejesho, si baada yake, na nakala ya barua yenye muhuri. Ombi la mtu ambaye bado hajachelewa husomwa kwa jicho tofauti. Na kwa chochote kile, usizibe pengo la benki kwa kausha damu. Duka litafunguliwa siku moja, riba ile haitakuwa imesimama kukusubiri.

TRA. Kama uko kwenye makadirio, awamu zinaangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Andika kuomba kupitiwa upya makadirio kabla ya awamu inayofuata, ukiambatanisha ripoti za Z zinazoonyesha sifuri. Ukishaletewa tathmini usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuwasilisha pingamizi. Na kama mashine ya EFD imebaki ndani, toa taarifa ya maandishi mara moja. Kimya chako kinaweza kusomwa kama unauza bila risiti.

Bima. Toa sera yako usome ukurasa wa visivyolipwa. Sera za kawaida za moto na wizi huondoa vita, uvamizi na uasi, na ghasia za mitaani mara nyingi hulipiwa nyongeza. Halafu kuna kizingiti kingine: hata nyongeza ikiwepo, nyingi zinataka pawe na uharibifu wa kuonekana kwa macho. Duka ambalo halijaharibika ila halifikiki halihesabiki. Kipengele unachokihitaji ni cha kuzuiwa kufika kwenye eneo la biashara. Ndicho, pamoja na vipengele vya magonjwa, kilichobishaniwa hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, na hukumu ya Januari 15, 2021 iliyowapa nafuu wafanyabiashara wengi waliofungiwa wakati wa korona ilitegemea maneno ya kila sera. Kwa hiyo uliza kipengele hicho kwa jina unapokata bima, na uonyeshwe maneno yenyewe. Mkishindwana na kampuni, kuna msuluhishi wa migogoro ya bima.

Kudai serikalini: saa inatembea

Madai ya fidia kwa jambo lililofanywa na mamlaka kwa kutumia sheria iliyoandikwa yana ukomo wa mwaka mmoja. Si miaka mitatu kama madhara mengine, wala kumi na miwili kama ardhi. Watu husubiri hali itulie, kisha wasubiri kamati, kisha wasubiri ahadi, na mwaka umeisha wakiwa kwenye benchi la ofisi.

Kabla ya kuishtaki serikali unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Mbeya na Iringa zote zina Mahakama Kuu, huhitaji kupanda basi kwenda Dar. Ukiweka siku 90 pembeni, unabaki na miezi tisa ya kujiandaa. Mimi ningehesabu sita.

Nikwambie bila kupaka rangi: kufungiwa kwa muda mfupi, bila kuvunjiwa wala kuharibiwa, ni kesi ngumu. Kwa siku tatu za utepe, mwanasheria atakula zaidi ya hasara yako. Pale ambapo pana kesi ni kufungiwa kwa miezi bila amri iliyoandikwa, kuvunjwa kwa duka na waliokuwa zamu, au eneo kutwaliwa kabisa. Kama huna fedha ya wakili, sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili hiyo. Ulizia halmashauri ni nani wanaotoa huduma hiyo karibu nawe. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora pia hupokea malalamiko.

Eneo likitwaliwa moja kwa moja, mchezo unabadilika na uko upande wako zaidi. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataka ulipwe thamani ya soko ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, usafiri wa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20, posho ya makazi ya miezi 36 na hasara ya faida ya miezi 36, faida hiyo ikiwa imethibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa. Soma tena maneno ya mwisho. Mwenye duka asiye na hesabu zilizokaguliwa anaweza kuipoteza miezi yote 36 kwa mstari mmoja. Fidia ikichelewa zaidi ya miezi sita inazaa riba. Fomu ya mthamini usiisaini dirishani mwa gari lake. Isome, ipige picha kila ukurasa, hesabu vyumba.

Ikiwa miezi itageuka miaka

Naomba Mungu isifike huku. Lakini dunia ina mifano.

Hebron, mji wa Wapalestina uliopo Ukingo wa Magharibi, ulikuwa na soko kubwa kwenye mtaa wa Shuhada. Baada ya mauaji ya waumini 29 msikitini Februari 1994, jeshi la Israeli lilianza kubana mtaa huo, na hali ikawa mbaya zaidi kuanzia mwaka 2000. Milango mingine ilichomelewa kwa welding. Mwaka 2007 mashirika mawili ya haki za binadamu ya Israeli yalihesabu biashara 1,829 zilizokwisha kufungwa katikati ya mji, na angalau 440 kati yake zilifungwa kwa amri ya jeshi. Tazama tofauti ya namba hizo mbili. Nyingine nyingi hazikuwa na amri yoyote iliyotaja duka lao. Zilikufa kwa sababu mteja hafiki, gari la mzigo halifiki. Ndiyo maana nimesisitiza daftari la kila siku: huenda usipate kamwe karatasi iliyoandikwa kwamba duka lako limefungwa.

Kupro nako, jeshi la Uturuki liliingia mwaka 1974, na maelfu wakaacha nyumba na maduka upande wa kaskazini. Titina Loizidou, mwenye viwanja Kyrenia, alipeleka shauri Strasbourg mwaka 1989. Mwaka 1996 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ilisema bado ni mmiliki halali na kwamba kuzuiwa kufika kwenye mali yake kulivunja haki yake. Alilipwa mwaka 2003. Wazee, hiyo ni miaka 29 tangu kizuizi. Hakuwa na ufunguo wenye maana yoyote, alikuwa na hati.

Kwa hiyo, ukiona mwaka unapita, endelea kulipia kodi ya ardhi hata kama inakuuma, kila mwaka peleka barua moja ya kuomba kuingia, na mwandikie mirathi mtoto wako akiwa anajua karatasi ziko wapi. Na madalali watakuja. Wakati wa taharuki huja na fedha taslimu na kauli tamu, "nikusaidie, eneo lile halifunguliwi tena." Jiulize kwa nini yeye ananunua.

Siku ya kurudi

Nenda na watu wawili, mmoja asiye ndugu yako. Simama mlangoni kabla ya kuwasha swichi yoyote, unusie gesi. Ukikuta kitu cha chuma usichokijua, hata kidogo kama betri, toka na umwite askari.

Usifagie. Najua mkono unawasha kushika fagio, mimi mwenyewe nilimwaga vile vifaranga kwenye kiroba kabla sijavihesabu mbele ya mtu. Anza na video, njia ileile ya kila mwezi, barabarani hadi kwenye mita. Kisha hesabu rafu kwa rafu, yule asiye ndugu akiandika. Vyakula, dawa na mbegu zilizopita muda au kupata joto usiuze, zitenge, ziorodheshe kwa namba za kundi, na mtendaji azione kabla hazijaharibiwa. Soma mita ya umeme, soma ripoti ya mwisho ya Z. Mlango ukifungika, badilisha kitasa na kufuli zote jioni hiyohiyo. Lile kufuli lililokatwa lisitupwe kwenye chuma chakavu: lifunge kwenye mfuko, andika tarehe juu yake, liende kwenye bahasha kwa dada.